Safari Yetu ya Kaboya

Wengi wenu mmeniuliza, wengine barazani baada ya Misa, wengine njiani: Mwalimu, mwishoni mwa Juni ulikwenda kutafuta nini huko Uhaya, wewe na nyumba yako yote, hata na mama yako mzee? Nami niliwajibu kwamba nitaandika. Ahadi ni deni, basi leo nalipa.

Mimi sikupata kumwona baba yangu. Alikuwa mkulima wa pamba hapa Igoma, tena mgambo, na mwezi wa Novemba 1978 lori lilikuja kuwachukua yeye na vijana wenzake kwenda vitani. Mama yangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Nilizaliwa mwezi wa Februari 1979, na kabla sijajua kukaa habari ikafika nyumbani kwamba baba amekufa. Ilibaki picha moja tu, waliyopigwa mjini siku ya arusi yao, naye amesimama wima kabisa, mkono mmoja begani kwa mama, kana kwamba anaogopa kutikisika asije akaiharibu picha. Huyo ndiye baba niliyemjua. Shuleni waalimu waliniita mtoto wa shujaa, nami nikakua nikisema kwamba baba yangu alipigwa risasi akipambana na majeshi ya Idi Amin. Hakuna mtu aliyenieleza hivyo kwa maneno hayo. Nilijitungia mwenyewe nikiwa mdogo, kisha nikaamini.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 mama alishikwa na ugonjwa wa mapafu, tukampeleka hospitali, naye kwa neema ya Mungu akapona. Aliporudi nyumbani akaniita, akasema, “Mwanangu, nilipokuwa nimelala kule kitandani niliona jambo moja tu limenibakia. Nataka kuliona kaburi la baba yako.” Nikaona aibu. Miaka 46 imepita, nami nimekwenda semina Dodoma, nimekwenda hija, nimekwenda arusi za watu Shinyanga na Musoma, wala sijampeleka mama yangu kwenye kaburi la mumewe.

Nikaanza kuuliza. Askari wetu waliokufa katika vita ile wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, katika mkoa wa Kagera, ndani ya kambi ya jeshi. Kwa kuwa ni kambi, haiwezekani mtu kuingia tu kama anavyoingia sokoni. Niliandika barua ya kwanza kwa ofisi moja, ikapotea. Nikaandika ya pili, nikaambiwa ya kwanza imeonekana, sasa ya pili ndiyo haionekani. Sitaitaja ofisi ile, maana mwisho wake walinitendea wema. Paroko wetu akaniandikia barua ya kunitambulisha, na katekista mwenzangu wa huko Muleba, ambaye tulisoma pamoja zamani, akatusaidia kwa upande wa kambini. Siku ikapangwa.

Kabla sijaendelea, yafaa niwakumbushe vijana asili ya vita yenyewe, kwa sababu nimegundua kwamba hata baadhi ya waalimu wa shule hawaijui ila kwa jina. Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda kwa nguvu ya jeshi tarehe 25 Januari 1971. Mwalimu Nyerere akakataa kumtambua. Mwaka 1972 wakimbizi wa Uganda waliokuwa hapa kwetu walijaribu kumwondoa wasiweze, na ndege za Amin zikaja kutupa mabomu Bukoba na Mwanza. Watu wengi wa Uganda waliuawa katika miaka yake, na miongoni mwao Askofu Mkuu Janani Luwum wa Kanisa la Anglikana, mwezi wa Februari 1977. Kisha tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi yake yakavuka mpaka, yakaishika nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na Amin akatangaza kwamba nchi ile sasa ni yake. Raia wapatao 1,500 waliuawa. Ng’ombe kwa maelfu wakaswagwa kupelekwa Uganda, kiwanda cha sukari cha Kagera kikaporwa mitambo yake, wanawake wakatendewa maovu ambayo gazeti la nyumba za Kikristo haliwezi kuyaandika. Tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likavunjwa kwa baruti ili jeshi letu lisivuke.

Nchi nzima ikaitika. Jeshi letu, ambalo halikufika askari 40,000, liliongezwa kwa polisi, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa na mgambo hata likapita 100,000. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kupeleka watu na vyakula mbele. Ndivyo baba yangu, mtu wa jembe, alivyojikuta askari. Mwezi ule ule wa Novemba wakajenga daraja la chuma la muda hapo Kyaka, wakavuka, wakamkuta adui ameondoka. Januari 1979 wakaingia Mutukula. Februari 24 wakautwaa mji wa Masaka. Machi wakapigana Lukaya na askari wa Amin pamoja na Walibya waliokuja kumsaidia. Aprili 7 wakauteka Entebbe, Aprili 11 Kampala, na tarehe 3 Juni wakafika mpaka wa Sudani, vita ikaisha.

Watu wa Mwanza nao waliionja. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Walibya ilikuja kutafuta matangi ya mafuta yaliyo mjini, lakini mabomu yake yakaanguka penye hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Mama ananiambia kwamba kishindo alikisikia akiwa hapa Igoma, anachuma mchicha, nami mgongoni mwake. Alilala kifudifudi katika majani, kisha akakumbuka kwamba mtoto yuko juu, si chini, akageuka upesi. Hadithi hiyo huisimulia akicheka.

Tuliondoka Jumatatu, tarehe 30 Juni, alfajiri. Tulikuwa watano: mama, mke wangu, mwanetu wa kiume mwenye miaka 13, binti yetu wa miaka 9, na mimi. Mama alivaa kitenge chake cha Wanawake Wakatoliki, akabeba kikapu ambacho hakutaka mtu amshikie. Tukapanda basi Nyegezi. Kufika Kigongo tukapita juu ya daraja jipya lililofunguliwa siku kumi na moja tu kabla, tarehe 19 Juni, lenye urefu wa kilomita 3 hadi Busisi. Ninyi mliozoea kungoja kivuko pale, jua likiwaka na wauza samaki wakigonga madirisha, mtajua furaha yetu. Watoto walihesabu nguzo hata wakapoteana. Mama alitazama maji kimya, kisha akasema, “Lori la baba yako lilingoja hapa siku nzima. Aliniandikia.” Sikuwa najua kwamba baba aliwahi kuandika barua.

Nikamwuliza, “Barua iko wapi, Mama?”

Akasema, “Ililiwa na mchwa mwaka ule wa mvua nyingi.” Akageuza uso, nami sikuuliza tena.

Tukapita Sengerema, Geita na Chato, na baada ya Kyamyorwa nchi ikaanza kubadilika. Sisi Wasukuma tumezoea nchi ya wazi yenye mawe makubwa na mashamba yasiyo na uzio. Kule nyumba zimefichwa ndani ya migomba, na chini ya migomba kuna mibuni na maharage, hata mtu anaweza kupita mlangoni kwa mwenzake asimwone. Mama alisema nchi hii ni nzuri, lakini yeye asingeweza kuishi mahali ambapo haoni mgeni anayekuja. Saa kumi jioni tukashuka Muleba, katekista mwenzangu akatupokea, na mkewe akatupikia ndizi zilizochanganywa na maharage. Watoto walikula kama nzige. Usiku tukasali rozari pamoja, nyumba mbili, Wahaya na Wasukuma, na katika fumbo la tano mama alianza kulia pole pole, lakini hakuacha kujibu sala.

Asubuhi tulifika langoni mwa kambi saa tatu. Tulionyesha vitambulisho na barua, tukaacha simu zetu, maana kupiga picha kambini ni marufuku. Kijana wetu alisikitika kwa jambo hilo, lakini mimi niliona ni afadhali. Siku hizi mtu akifika mahali hatazami kwa macho yake, hutazama kwa simu. Tulipewa askari mmoja kijana wa kutuongoza, mwenye adabu nyingi, aliyemwita mama “bibi” na kumshika mkono kwenye mteremko. Pamoja nasi alikuja pia mzee mmoja aliyekuwa katika vita ile, mstaafu anayekaa karibu, ambaye rafiki yangu alimwomba atufuate. Watoto wakamwamkia, “Shikamoo, babu,” naye akawajibu, “Marahaba, wajukuu zangu,” akawapa mkono mmoja mmoja kama watu wazima.

Nilidhani nitaona mahali pa kutisha. Sikuona hivyo. Pamefagiliwa, pametulia, na makaburi yamepangwa safu kwa safu kama askari katika gwaride. Hakuna kaburi la mkubwa lililotukuka juu ya la mdogo kwa namna ambayo jicho langu liliweza kuitambua. Mkristo amelala karibu na Mwislamu. Kila mwaka tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, taifa huwakumbuka watu hawa: kwenye minara ya mashujaa huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, na mashada ya maua, na viongozi wa dini husali kila mmoja kwa desturi yake. Siku ile hapakuwa na mkuki wala tarumbeta, bali sisi, na ndege, na mtu mmoja aliyekuwa akikata nyasi mbali.

Binti yetu alikuwa akisoma majina kwa sauti, kama anavyosoma darasani. Majina ya Kihehe, ya Kimakonde, ya Kikurya, ya Kigogo, ya Kisukuma. Mama alimwambia, “Soma, mjukuu wangu, soma yote. Huenda wengine hawajasomwa na mtu siku nyingi.” Basi akaendelea, naye mkubwa wake akamsaidia penye herufi zilizofifia, na kwa kusoma hivyo ndipo tulipofika kwa babu yao.

Sitaandika mengi juu ya dakika zile. Mama alipiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya saruji, akazungumza kwa Kisukuma kwa muda mrefu, sauti ya chini, kama mke anayemweleza mume mambo ya nyumbani aliporudi safari. Nilisikia maneno machache: idadi ya watoto wangu, kufa kwa shangazi, shamba la bondeni ambalo jirani alitaka kulichukua na jinsi lilivyookolewa. Kisha akafungua kikapu. Ndani yake mlikuwa na chupa ya maji ya baraka, mshumaa, na pamba ya shambani kwetu, ikiwa bado katika vitumba vyake. Akaiweka pale. Tukasali De Profundis na Atukuzwe Baba, tukawasha mshumaa, upepo ukauzima, tukauwasha tena.

Ndipo mwanetu, ambaye kwa kawaida ni kimya, akamwuliza yule mzee, “Babu, yeye alipigwa risasi wapi?”

Mzee akanitazama mimi kwanza, akamtazama mama. Kisha akasema, “Mjukuu wangu, wengi waliolala hapa hawakupigwa risasi. Barabara ndiyo iliyotuua. Mchana tuliogopa ndege, basi malori yalikwenda usiku bila taa, na madereva wamekesha siku tatu. Barabara ni udongo, mvua imenyesha, mbele kuna shimo la bomu. Wengine waliangukiwa na magari, wengine waliugua, wengine walikosea na silaha zao wenyewe. Walioanguka katika mapigano ni sehemu ndogo.”

Baadaye nilikuta katika kitabu cha historia ya vita ile, kilichoandikwa na waandishi wawili wa Kimarekani waliofuatana na jeshi letu, kwamba ndivyo ilivyokuwa: wanahesabu askari wa Tanzania 373 waliokufa, na kati yao 96 tu ndio waliouawa katika mapigano. Lakini pale makaburini sikuwa nalijua hilo. Nilikasirika. Niliona kana kwamba mzee yule amemvua baba yangu nguo mbele ya wajukuu zake. Nikataka kumkatiza, nikamgeukia mama ili nimtetee.

Mama akasema, “Mwache aseme. Ni kweli. Baba yako lori lilimpindukia njia ya kwenda Masaka, mwezi wa Machi, usiku. Lilikuwa limebeba unga.”

Nikasema, “Mama, ulijua?”

Akasema, “Mwenzake mmoja alikuja kunieleza mwaka ule ule, vita ilipokwisha. Aliniletea na mkanda wake.”

“Mbona hukuniambia?”

Akanyamaza kidogo, akapangusa vumbi kwenye jina. “Ulikuwa na miaka sita, ulirudi shuleni umefurahi, ukasema mwalimu amewaambia watoto wote wasimame kwa ajili yako kwa sababu baba yako aliuawa na Amin. Ningefanya nini? Kisha ukawa mkubwa, ukawa mwalimu wa dini, ukawa unasema hivyo hivyo mbele ya watu. Nikaona haya kukuaibisha.”

Wasomaji wapenzi, nimekuwa nikifundisha amri ya nane kwa miaka ishirini na miwili. Nimewaambia watoto wa komunio ya kwanza kwamba uongo mdogo hauko. Na siku ile nilisimama katika kambi ya jeshi, nikitambua kwamba jambo nililosema mara nyingi kuliko yote maishani mwangu, hata katika mahubiri ya Novemba, halikuwa kweli. Si dhambi kwa mtu asiyejua, nalijua hilo. Lakini moyoni mwangu niliona zaidi ya hapo, kwamba hata sikupenda kujua. Ningaliweza kumwuliza mama wakati wowote. Na lililoniumiza si kwamba baba alikufa chini ya lori. Liliniuma kwamba nafsi yangu ilipendelea ile risasi.

Mwanetu akauliza tena, maana watoto hawaoni shida ya kuuliza: “Basi babu si shujaa?”

Nilikuwa sina jibu tayari, ingawa kazi yangu ni majibu. Yule mzee ndiye aliyejibu. Alisema kwamba huko Lukaya walikaa bila chakula, na askari mwenye njaa hana shabaha wala hana huruma. Anaua kuku wa raia, kisha anaua mwenye kuku. Unga ulipofika, watu wakawa watu tena. Akasema pia jambo ambalo sikulitazamia: kwamba walipoingia Mutukula, wengine wetu walilipiza kisasi kwa raia na kubomoa nyumba zao, na Mwalimu Nyerere alipopata habari aliona uchungu sana, akatoa amri kwamba raia wa Uganda na mali zao wasiguswe. “Mimi nilikuwako,” akasema, wala hakueleza alitenda nini yeye mwenyewe, wala hakuna aliyemwuliza. Mama alimpa kikombe cha chai kutoka kwenye chupa yetu, akamwita kaka.

Nikakumbuka Injili ya mnara wa Siloamu, ulioanguka ukaua watu kumi na wanane, na jinsi Bwana wetu alivyokataa watu wawahesabu wale kuwa wabaya kuliko wengine. Nadhani vivyo hivyo hatuna ruhusa ya kuwahesabu wafu wa barabarani kuwa pungufu. Nikakumbuka na Yuda Makabayo, ambaye baada ya vita alikusanya fedha zipelekwe Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili ya askari wake waliokufa. Maandiko yanasema walikutwa na vitu vya sanamu chini ya nguo zao. Hawakuwa watakatifu, wala Yuda hakusema ni watakatifu. Aliwaombea kwa sababu walihitaji kuombewa. Hapo nikatambua kwamba kwa miaka yote hiyo nilimsifu baba yangu mara nyingi kuliko nilivyomwombea.

Tulikaa mpaka karibu saa sita. Mama akaomba udongo kidogo wa pale, yule askari kijana akamtazama mkubwa wake, mkubwa akaitika kwa kichwa, na mama akafunga udongo katika pembe ya khanga.

Siku ya pili tulikwenda Bukoba, tukaingia kanisa kuu mahali alipozikwa Kardinali Laurean Rugambwa, Mwafrika wa kwanza kuwa kardinali katika nyakati hizi, aliyetangazwa mwaka 1960. Mwili wake ulihamishiwa hapo kutoka Kashozi mwaka 2012. Mke wangu alipenda sana mahali hapo, na mimi pia, ila nitaandika juu yake siku nyingine.

Kisha tukaenda Kyaka, yapata kilomita 50 kutoka Bukoba. Hapo magofu ya kanisa Katoliki lililobomolewa na majeshi ya Amin yangali yamesimama, yameachwa yawe kumbukumbu. Nimeona makanisa mengi yaliyochakaa kwa uzee na kwa uvivu wa waumini, lakini sikupata kuona kanisa lililopigwa kwa mzinga. Ukuta ukianguka kwa mvua huanguka taratibu, ule ulipasuliwa. Binti yetu aliuliza kama Yesu alikuwa ndani ya tabernakulo siku ile. Mama yake akamwambia kwamba hakujua, lakini kama alikuwamo basi alibaki na watu wake. Mimi nisingeweza kujibu vizuri hivyo.

Chini mto Kagera unapita, mpana na wa rangi ya udongo, malori ya Uganda yakivuka daraja kwenda na kurudi, yamebeba mahindi na saruji. Dereva mmoja wa Kiganda alitusalimu kwa Kiswahili chake, akatupa watoto wetu miwa miwili. Mama akapokea kwa mikono yote miwili na kumshukuru. Alipoondoka nikamwuliza kama hakuona vigumu. Akanishangaa. “Huyu?” akasema. “Huyu mwaka 1979 hakuwa amezaliwa.”

Wakati wa kurudi, kwenye basi, mwanetu alilala begani kwangu. Nikamweleza mama kwamba Jumapili nitasimama kanisani kusahihisha yale niliyoyasema miaka yote. Akasema si lazima kanisani, watu watadhani nimepatwa na jambo. Niandike katika gazeti letu, maana wanaosoma watawaeleza wasiosoma. Kwa hiyo nimeandika. Baba yangu alikufa usiku, mwezi wa Machi 1979, katika njia ya Masaka, lori la unga lilipopinduka. Wale niliowaambia vingine wanisamehe.

Udongo ule mama ameuweka chini ya mwembe, penye kaburi la shangazi.

Wako wengine katika parokia hii na za jirani, hata Kisesa na Magu, ambao wana baba au kaka waliozikwa kule. Nawashauri hivi kwa yale yaliyotupata sisi. Andikeni barua mapema, miezi miwili au mitatu kabla, na mtunze nakala. Chukueni barua ya paroko na vitambulisho vyenu. Andikeni majina kamili ya marehemu kama yalivyoandikwa jeshini, si jina la nyumbani tu, maana baba yangu sisi tulimwita kwa jina ambalo kule halikujulikana, na kidogo tu tumkose. Wazee wachukueni wangali na nguvu za kupanda basi. Mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye kaka yake alichukuliwa na lori lile lile la baba yangu, ameniomba nimwandikie barua, nami nimeianza wiki hii.